Kisiwa cha Msumbiji: Amani, Korosho na Daftari la Deni

Njia itokayo Nampula kwenda pwani hupita kati ya majabali yaliyosimama peke yake katika nchi tambarare, mengine yamechongoka kama minara, mengine yamelala kama ngamia aliyepiga magoti. Chini yake ni mashamba ya mihogo, pamba na mikorosho, na kando ya barabara akina mama hupanga mafungu ya korosho mbele ya abiria wa chapa, ndilo jina la mabasi madogo ya huko. Katika mji wa Monapo barabara hugawanyika. Mkono mmoja huelekea bandari ya Nacala. Wa pili hushuka hadi Lumbo, ambako nchi kavu huishia na daraja jembamba lenye urefu wa zaidi ya kilomita 3 huanza. Mwisho wa daraja hilo, baada ya safari ya takriban kilomita 180 kutoka Nampula, ndipo kilipo Kisiwa cha Msumbiji.

Nchi nzima imechukua jina lake hapa. Inasimuliwa kuwa kisiwa kiliitwa kwa jina la Musa Mbiki, mtawala Mwislamu aliyekuwapo Wareno walipotia nanga mwaka 1498, na ndimi za wageni zikaligeuza jina hilo hadi likawa hivi tulijuavyo. Hadi mwaka 1898 hapa ndipo palipokuwa makao makuu ya utawala wa Kireno katika upande huu wa Afrika, na hapa pia watumwa wengi walipakiwa majahazini na merikebuni wasirudi tena. Kwetu sisi watu wa mwambao kisiwa hiki si cha ugenini. Misikiti yake, majahazi yake, kanzu na kofia za siku ya Ijumaa, na twarika za Shadhiliya na Qadiriya zilizoenea huko tangu zaidi ya karne moja iliyopita, vyote vinatambulika na mtu aliyekulia Kilwa, Lindi au Unguja. Mgeni hushangazwa tu na akina mama waliojipaka usoni msiro, unga mweupe utokanao na mti, wakitembea nao sokoni bila wasiwasi.

Kisiwa kina urefu wa kilomita 3 hivi na upana usiofika nusu ya kilomita moja, nacho kina miji miwili. Upande wa kaskazini upo mji wa mawe, wenye ngome, majumba ya wafanyabiashara wa zamani na ikulu ya magavana. Upande wa kusini upo mji wa makuti, wanakoishi watu wengi zaidi. Mtu akisimama mpakani huona jambo moja la ajabu: mji wa makuti uko chini, mapaa ya nyumba zake yakikaribia kulingana na barabara. Sababu yake ni kuwa mawe yaliyojenga mji wa juu yalichimbwa hapo. Shimo lililobaki ndilo walilopewa wachimbaji wakae. Mvua zikinyesha, maji hukusanyika huko.

Nimelitaja shimo hilo mapema kwa kuwa linasaidia kuuelewa uchumi wa Msumbiji tangu vita vilipokwisha. Nchi hii imejengwa upya kwa haraka iliyowastaajabisha wengi. Swali ambalo halijapata jibu ni la mawe: yametoka wapi, na nani amebaki shimoni?

Miaka kumi na sita ya moto

Msumbiji ilipata uhuru tarehe 25 Juni 1975, baada ya mapambano ya chama cha Frelimo, kilichoasisiwa Dar es Salaam mwaka 1962. Haikupita miaka miwili ikaingia vitani tena. Kundi la Renamo liliundwa kwa msaada wa serikali ya walowezi wa Rhodesia, na Rhodesia ilipoanguka mwaka 1980 likapokewa na utawala wa makaburu wa Afrika Kusini. Huo ni ukweli usiopingika. Hata hivyo, ni ukweli pia kwamba kuni za moto ule zilikuwamo ndani. Wakulima walihamishwa kwa lazima katika vijiji vya pamoja, machifu wakavuliwa heshima zao, na dini zikabanwa na dola iliyokuwa ikifuata itikadi ya Kimarx. Adui wa nje hupenyea penye ufa, na nyufa zilikuwapo.

Vita vilidumu hadi mwaka 1992. Watu wapatao milioni moja walipoteza maisha, wengi kwa njaa na maradhi yaliyofuatana na bunduki. Mamilioni waliyahama makazi yao, na watu milioni 1.7 hivi walikimbilia nchi jirani. Malawi peke yake, nchi ndogo na maskini, iliwahifadhi zaidi ya milioni moja. Reli zilikatwa, nguzo za umeme wa bwawa la Cahora Bassa ziliangushwa, na shule, zahanati na maduka ya vijijini yakachomwa kwa makusudi. Mkulima aliyekuwa akiuza pamba na korosho na kununua sabuni, chumvi na nguo akarudi kula mizizi ya porini.

Kisiwani risasi hazikufika kama zilivyofika bara, na kwa hiyo bara likahamia kisiwani. Mwalimu mmoja wa madrasa katika mji wa makuti alinieleza kwamba wazazi wake walivuka daraja kwa miguu usiku, yeye akiwa mgongoni mwa mama yake. Familia nne zilikaa katika chumba kimoja kwa miaka, na mwenye nyumba hakuwa nduguyo yeyote kati yao. Nilimuuliza: "Mwalimu, kodi je?" Akacheka. Akasema mwenye nyumba alikuwa mvuvi, na alipopata samaki wawili, mmoja ulikuwa wao.

Sulhu ya Roma

Mazungumzo ya amani yaliendelea Roma kwa zaidi ya miaka 2, yakisimamiwa na jumuiya ya Kikatoliki ya Sant'Egidio, hadi tarehe 4 Oktoba 1992, Rais Joaquim Chissano na kiongozi wa Renamo, Afonso Dhlakama, walipotia saini. Uadilifu unatutaka tumpe kila mwenye haki haki yake. Viongozi wa makanisa walikuwa miongoni mwa waliotangulia kuzikutanisha pande mbili zilizokuwa hazitaki hata kutajana majina, na Waislamu wa Msumbiji waliinufaikia sulhu hiyo sawa na wenzao. Kupatanisha ni ibada, na aliyetutangulia katika kheri tumshukuru.

Kilichofuata kina mafunzo mengi. Wapiganaji wapatao 90,000 wa pande zote mbili walivuliwa sare, na badala ya kuachiwa njia wakalipwa posho kwa miaka 2 ili wapate pa kuanzia. Wakimbizi walirudi karibu wote kufikia mwaka 1996, wengi wao kwa miguu na baiskeli, wakibeba mbegu na makopo. Uchaguzi wa vyama vingi ulifanyika Oktoba 1994. Mwaka 1995 Baraza la Kikristo la Msumbiji lilianzisha mpango wa kubadilisha silaha kwa majembe: aliyeleta bunduki alipewa jembe, cherehani au baiskeli, na bunduki ikakatwa vipande. Kazi ya kufukua mabomu ya ardhini ilichukua muda mrefu zaidi. Nchi ilitangazwa kuwa imesafishwa Septemba 2015, miaka 23 baada ya sulhu. Kwa muda wote huo mkulima aliyeinua jembe hakuwa na yakini na ardhi aliyoikanyaga.

Uchumi nao uliinuka. Kwa miongo miwili hivi ulikua kwa wastani wa zaidi ya asilimia 7 kwa mwaka, kiwango ambacho nchi chache za Afrika zilikifikia. Mwanzoni sababu haikuwa ya kitaalamu: watu walirudi mashambani na magari yakaanza kupita. Kisha ikaja misaada, nchi ikasamehewa sehemu kubwa ya madeni yake mwaka 1999 na 2001, na mwaka 2000 kiwanda cha kuyeyushia alumini cha Mozal kikaanza kazi karibu na Maputo. Mwaka 2009 daraja la Caia lilifunguliwa juu ya mto Zambezi, likaunganisha kaskazini na kusini kwa barabara bila kungojea kivuko. Mwaka 2010 likafuata Daraja la Umoja juu ya mto Ruvuma, linalotuunganisha sisi na wao. Mwaka 1996 na 1997 ilikadiriwa kuwa watu 69 katika kila 100 walikuwa mafukara. Kufikia mwaka 2002 na 2003 idadi hiyo ilikuwa imeshuka hadi 54. Wenye kupenda kheri walifurahi, na walikuwa na haki ya kufurahi.

Shamba bila bei

Lakini hesabu ilipochukuliwa tena mwaka 2008 na 2009, ufukara ulikuwa haujashuka, ingawa uchumi uliendelea kukua kila mwaka. Ilikuwaje? Korosho inaweza kutujibu, na wasomaji wetu wa Mtwara na Lindi wataelewa haraka kuliko wengine.

Kabla ya uhuru Msumbiji ilikuwa miongoni mwa nchi zilizoongoza duniani kwa korosho, nayo ilikuwa na viwanda vyake vya kubangulia. Vita viliwafukuza wakulima, mikorosho ikazeeka na kumezwa na msitu. Sulhu ilipopatikana, viwanda vikaanza kufufuliwa. Mwaka 1995 Benki ya Dunia ikashikilia kwamba ushuru uliokuwa ukizuia korosho ghafi kutoka nje ya nchi upunguzwe, kwa hoja kuwa mkulima atapata bei bora. Ushuru ukapunguzwa. Korosho ghafi ikasafirishwa kwenda India kubanguliwa huko, viwanda vikafungwa kimoja baada ya kingine, na maelfu ya wafanyakazi, wengi wao wanawake, wakarudi nyumbani mikono mitupu. Bei aliyoahidiwa mkulima ilimfikia kidogo sana. Sehemu kubwa iliwabaki wafanyabiashara wa kati. Baadaye viwanda vidogo vilianza kuchipua tena katika mkoa wa Nampula, vikaajiri watu, lakini miaka iliyopotea haikurudi.

Baba yake yule mwalimu alikuwa mmoja wa waliorudi katika mikorosho yao. Kwa misimu mitatu alifyeka msitu, akaikata miti iliyokufa na kuipalilia iliyosalia. Korosho zilipozaa, kiwanda alichokitegemea kikafungwa. "Katibu," aliniambia mwalimu, "amani ilitupa shamba. Haikutupa bei."

Hapo ndipo palipo tofauti kati ya ukuaji na maendeleo. Kiwanda kikubwa cha kusini kiliongeza takwimu za taifa, nacho kiliajiri watu wachache kwa kulinganishwa na fedha zilizotiwa ndani yake. Mkoa wa Nampula na jirani yake Zambezia, yenye wakulima wengi kuliko mikoa mingine yote, imeendelea kuwa miongoni mwa mikoa maskini kabisa. Mawe yalitoka huku, jumba likajengwa kule.

Deni lisiloandikwa

Mwaka 2016 likazuka jambo jingine. Ilifichuka kwamba mwaka 2013 na 2014 kampuni tatu za serikali zilikuwa zimekopa nje zaidi ya dola bilioni 2, sehemu kubwa kwa dhamana ya serikali iliyofichwa, bila idhini ya Bunge. Ilidaiwa kuwa fedha hizo ni za meli za kuvulia jodari na za kulinda pwani. Meli zilizofika zilikaa bandarini Maputo zikiota kutu, na sehemu ya fedha ikaingia mifukoni mwa watu. Shirika la Fedha la Kimataifa na wafadhili walisimamisha misaada ya bajeti, thamani ya metikali ikaporomoka, na bei ya mkate na mafuta ikapanda. Mwaka 2022 mahakama ya Maputo iliwahukumu vifungo watu kadhaa wenye vyeo na ukoo, akiwemo mtoto wa rais mstaafu, na mwaka 2024 aliyekuwa waziri wa fedha alitiwa hatiani na mahakama ya New York. Lakini mama wa Nampula, ambaye hakukopa wala hakuiona meli, ndiye aliyelipa kila alipokwenda dukani.

Ndugu msomaji, aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani Tukufu haikuteremshwa kuhusu vita wala kuhusu mirathi. Imo katika Suratul Baqara, nayo inahusu kuandikiana deni: kuwepo mwandishi mwadilifu, kuwepo mashahidi, kutopuuza kuandika liwe deni dogo au kubwa. Mimi kazi yangu msikitini ni ya ukatibu, na nakiri kwamba kabla ya safari hii niliisoma aya ile kama sheria ya watu wawili sokoni. Msumbiji imenionyesha kwamba ni sheria ya kuhifadhi mataifa. Nchi iliyopoteza watu milioni moja na ikaweza kusimama tena, iliangushwa magoti na karatasi ambazo wenye mali hawakuonyeshwa.

Gesi na vijana wa kaskazini

Mwaka 2010 yaligunduliwa mabwawa makubwa ya gesi asilia chini ya bahari, katika mkoa wa Cabo Delgado unaopakana na Mtwara yetu. Watu wake wa pwani ni Wamwani, na lugha yao mswahili huisikia kwa mbali akadhani ni lahaja yake. Matumaini yalikuwa makubwa. Walakini wengi waliona ajira zikienda kwa wageni, ardhi ikichukuliwa, na uvuvi ukiwekewa mipaka. Katika hali hiyo likaota kundi la vijana lililowakufurisha wazazi wao na kuitupa misikiti yao. Masheikh wa mkoa huo waliliona mapema, wakalipinga kwa hoja na kuionya serikali. Onyo lao halikupewa uzito uliostahili. Oktoba 2017 kundi hilo likaushambulia mji wa Mocímboa da Praia. Machi 2021 likauvamia mji wa Palma, na mradi mkubwa wa gesi wa nchi kavu ukasimamishwa mwezi uliofuata.

Watu waliohama makazi yao walikaribia milioni moja, na wengi wao, pamoja na wengi wa waliochinjwa, ni Waislamu. Hilo lisemwe wazi, kwa sababu wapo wanaosema kuwa ile ni vita ya Uislamu. Anayemchinja imamu na kuchoma mas-hafu pamoja na msikiti haitetei dini yoyote. Lakini lisemwe pia kwamba askari peke yao hawatalimaliza jambo lile, ingawa majeshi ya Rwanda na ya nchi za SADC, ikiwemo Tanzania, yaliisaidia Msumbiji kuikomboa miji. Kijana asiye na elimu sahihi ya dini, wala kazi, wala mtu wa kumsikiliza, huwa ni shamba lililo wazi, na atakayetangulia kupanda ndiye atakayevuna.

Mwalimu wangu wa kisiwani anao mfano nyumbani kwake. Mdogo wake alikwenda Palma kutafuta kibarua cha gesi. Baada ya shambulio alitembea porini kwa siku kadhaa, akafika akiwa na kandambili moja. Alifuatana na mama mmoja wa Kimwani na watoto watatu aliokutana nao njiani. Mama huyo na wanawe bado wanakaa katika chumba cha nyuma cha mwalimu, katika mji ule ule wa makuti, na watoto wanasoma katika madrasa yake. Kimbunga Gombe kilipopiga mwambao huo Machi 2022 mapaa mengi yaling'oka, na la kwake pia. Waliliezeka upya pamoja. Sikumuuliza habari ya kodi. Jibu nilikuwa nimekwisha kulipata.

Tunachokipata sisi

Sura ya Quraysh imetaja neema mbili pamoja, chakula na amani, na wanaoishi Msumbiji wanajua kwa nini haziachani. Amani bila riziki hukonda. Tuliiona mwaka 2013 baadhi ya wapiganaji wa Renamo waliporudi msituni, hadi sulhu nyingine ilipotiwa saini Agosti 2019. Tuliiona tena baada ya uchaguzi wa Oktoba 2024, vijana walipojaa barabarani na mamia ya watu wakapoteza maisha. Nchi haikurudi katika vita kamili, alhamdulillahi, lakini ni dhahiri kwamba saini ya mwaka 1992 ilikuwa mwanzo wa kazi.

Sisi hatuna gesi ya kugawa wala korosho za kupangia ushuru. Tunazo kamati za misikiti, madrasa, sanduku la zaka na vijana wanaokaa barazani baada ya swala ya Alasiri. Kisiwani nilihudhuria swala ya Ijumaa katika msikiti mdogo wa mtaa. Baada ya swala mtunza hazina alisimama, akasoma daftari kwa sauti: kilichopatikana wiki ile, mafuta yaliyonunuliwa, kilichopewa familia za wakimbizi, na deni la saruji ambalo msikiti unadaiwa na mwenye duka, aliyekuwa ameketi safu ya pili akisikiliza. Mzee mmoja aliuliza juu ya bei ya mabati. Akajibiwa, akaridhika, watu wakatawanyika.

Haikuchukua dakika kumi. Katika nchi iliyofichiwa deni la dola bilioni 2, waumini wa mtaa ule wanalijua deni la mifuko ya saruji na mwenye kudai wanamwona kwa macho. Kamati yetu imekubali kuanza utaratibu huo mwezi ujao, inshaallah, na ninawaomba makatibu wenzangu wa misikiti mingine waufikirie. Mwenyezi Mungu awape ndugu zetu wa Msumbiji amani yenye riziki na riziki yenye uadilifu, awarudishe waliohama majumbani mwao, na atuepushe sisi na ufa unaopenyeza adui. Wabillahi tawfiq.